Tezo na Cheti

Mwaka 1980, ufukweni mwa Sur, Omani, watu walianza tena kushona meli. Msafiri na mwandishi Tim Severin alitaka kuvuka bahari kutoka Maskati hadi China kwa chombo cha aina waliyoitumia mabaharia wa Kiarabu zaidi ya miaka elfu moja nyuma, zama za hadithi za Sindbad, na Sultan Qaboos akakubali kuigharamia safari. Mbao zilitoka Malabar, kusini mwa India, zikashushwa Sur kwa sababu Sur ndiko kwenye mafundi wa vyombo. Lakini chombo alichokitaka Severin kilikuwa hakina msumari. Mbao zilitakiwa zitobolewe kwa keekee kisha zishonwe ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi ya nazi, kama mtepe wa Wabajuni uliokuwa ukiundwa Lamu na visiwa vyake. Mji uliosifika Bahari ya Hindi nzima kwa majahazi ukajikuta hauna washonaji. Ikabidi wafuatwe visiwa vya Lakshadweep, ng'ambo ya bahari, ambako kazi hiyo ilikuwa bado haijawatoka watu mikononi.

Chombo kikaitwa Sohar. Kilitweka tanga Maskati Novemba 1980 na kuingia Canton Julai 1981. Siku hizi kimewekwa nchi kavu, kwenye mzunguko wa barabara karibu na hoteli ya Al Bustan, na kila nikipita pale huwaza vile vile: fedha zilikuwapo, mbao zilipatikana, hamu ilikuwa tele, na bado kazi ingesimama kwa kukosa watu wachache wanaojua kukaza fundo.

Historia ya mafunzo ya ufundi Omani kwa kawaida husimuliwa kuanzia 1970, kana kwamba kabla ya hapo hakukuwa na mwalimu wala mwanafunzi. Nikiisimulia kwa kuanzia mwaka huo nitawadhulumu wazee wa Sur, wa Ibra na wa Nizwa, na nitashindwa kueleza kwa nini vyuo vilivyokuja baadaye vilikwama pale vilipokwama.

Sur ya karne ya 19 iliishi kwa pepo mbili. Kaskazi ilivisukuma vyombo vyake kwenda Unguja, Mombasa na Lamu vikiwa na tende, chumvi na samaki wakavu. Kusi ikavirudisha na boriti, karafuu na nazi. Safari hizo zilihitaji vyombo vipya kila mara, na vyombo vilihitaji mafundi. Ganja, chombo kikubwa chenye tezi pana iliyochongwa nakshi, kiliundwa pale ufukweni bila ya mchoro wowote. Fundi alilaza mkuku, akasimamisha gubeti na fashini, kisha akaanza kupandisha mbao za ubavuni kabla hajaweka mataruma. Umbo lote la chombo lilikuwa kichwani mwake, na mizani yake ilikuwa jicho. Mwanagenzi alilipata umbo hilo kwa miaka ya kusimama karibu. Aliokota vibanzi, akashika ncha ya pili ya kamba ya kupimia, akachanganya deheni ya kupaka chini ya chombo, akakalafati matundu kwa pamba iliyochovywa mafuta, na siku fulani akaachiwa tezo achonge ubao ambao fundi angeweza kuutupa bila ya hasara. Hakukuwa na mtihani wa mwisho. Bahari ndiyo iliyosahihisha kazi.

Habari hii haitakamilika bila ya upande wake mchungu. Vyombo vya Sur vilibeba boriti na karafuu, na vilibeba watumwa pia. Unguja wazazi waliwaficha watoto wao msimu wa kaskazi kwa khofu ya mabaharia waliokuja na upepo huo, na khofu hiyo ilikuwa na sababu. Manowari za Kiingereza zilipoanza kuwasaka wafanyabiashara ya watumwa, baadhi ya wenye vyombo wa Sur walichukua bendera ya Ufaransa ili wasipekuliwe. Ugomvi ukafika hadi mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa hukumu yake Agosti 1905 na kuweka mipaka ya nani anaweza kupewa bendera ile. Ustadi na dhulma vilisafiri katika jahazi moja. Anayeusifu ustadi huo leo, nami nikiwemo, hana budi kuyasema yote mawili.

Bara, upande wa Dakhiliya, mafunzo yalikuwa ya namna nyingine, na ukiniuliza mimi ni ya kustaajabisha zaidi. Wasimulizi husema Nabii Suleiman bin Daud alipita Omani akaikuta nchi ina kiu, akawaamuru majini wake wachimbe falaji, yaani mifereji ya maji, elfu moja kila siku kwa siku kumi. Ndiyo maana falaji zinazopita chini ya ardhi zinaitwa za kidaudi. Ila katika nyakati zinazokumbukwa, majini hao walikuwa na kabila na anwani: Awamir, wenye kijiji chao karibu na Izki, waliojulikana nchi nzima kwa kuchimba na kufufua falaji. Mchimbaji alianzia mlimani na kisima mama. Akikuta maji, huyapeleka bondeni kwa handaki lenye mwinamo mdogo mno: ukizidi maji yanabomoa kuta, ukipungua yanalala. Kila baada ya hatua kadhaa huchimba shimo la kuvutia hewa na kutolea udongo. Handaki likikutana na wadi, yaani bonde la mkondo wa mvua, maji hushushwa chini yake kwa bomba la mawe na kupandishwa upande wa pili kwa nguvu ya uzito wake yenyewe. Haya yalifanywa na watu wasiokuwa na hati wala darubini ya upimaji. Falaji Daris ya Nizwa bado inatiririka. Mwaka 2006 iliingizwa katika Urithi wa Dunia pamoja na nyingine nne, mojawapo ikiwa Jila iliyo kwenye milima ya upande wa Sur.

Na maji yakishafika mjini huhitaji elimu ya kuyagawa. Zamu ya mtu huitwa athari, takribani nusu saa, iliyopimwa mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Msimamizi wa falaji alitakiwa ajue hesabu, ajue nyota, na aaminike. Elimu hiyo nayo ilipita kutoka mtu mmoja hadi mwingine, kama ilivyopita elimu ya wafua fedha wa soko la Nizwa waliofua ala za majambia.

Sasa tufike kwenye skuli. Chini ya Sultan Said bin Taimur, Omani nzima ilikuwa na skuli tatu za kisasa, zote kwa jina la Saidiya: Salala mwaka 1936, Maskati 1940 na Matrah 1959. Ulipofika 1970 zilikuwa na wanafunzi 909, wote wavulana. Ibra haikuwa na hata moja. Sur haikuwa nayo, wala Nizwa, iliyokuwa makao ya Imamu na kisha uwanja wa vita vya Jabal Akhdar vilivyokwisha mwaka 1959. Kulikuwa na vyuo vya Kurani, na Nizwa kulikuwa na halaka za fikihi misikitini zilizotoa wanazuoni wakubwa. Lakini kijana aliyetaka kujua injini inavyofanya kazi alilazimika kuhama nchi.

Wengi walikuwa wameshahama. Tangu enzi za Seyyid Said bin Sultan, na kabla yake, koo za Sharqiya, upande wa mashariki wa Omani, zilikuwa na mguu mmoja Unguja. Wabarwani wa ukoo wa Harthi walitoka Ibra na kando yake. Walikuwa na nguvu kiasi cha kumuunga mkono Barghash dhidi ya kaka yake, Sultan Majid wa Zanzibar, mwaka 1859. Watoto wa koo hizo waliozaliwa Unguja, Pemba, Tabora au Mombasa walikua wakisema Kiswahili, wakaingia skuli za serikali, wakasoma Kiingereza. Na mwaka 1951 ilianza kupokea wanafunzi Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa. Miongoni mwa waliotoa fedha za kuijenga walikuwa Aga Khan na Sultan wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Harub. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki ufundi wa mitambo, umeme na ubaharia.

Nataka msomaji atulie hapa kidogo. Mwaka ule wa 1951 mtoto wa mtu wa Ibra aliyezaliwa Ng'ambo au Kisauni aliweza kujifunza kufunga waya za umeme katika chuo kilichojengwa kwa mchango wa sultani mwenye asili ya Omani. Binamu yake aliyebaki Ibra hakuwa na skuli ya msingi. Bahari ile ile, ukoo ule ule.

Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliwatawanya watu wa koo hizo waliokuwa visiwani. Waliookoka walikimbilia Dar es Salaam, Mombasa, Cairo, Kuwait, Dubai, Uingereza; Omani yenyewe iliwafungulia wachache, kwa kuwa Said bin Taimur hakupenda wasomi kutoka nje. Kisha tarehe 23 Julai 1970 mwanawe Qaboos akachukua nchi, na moja ya maneno yake ya mwanzo kwa Waomani waliotawanyika ulikuwa wito wa kurudi nyumbani kujenga. Nchi aliyowaitia ilikuwa na kilomita kumi hivi za lami. Mafuta yalikuwa yameanza kusafirishwa 1967, na kampuni ya mafuta, serikali, polisi, benki na hospitali, zote kwa pamoja, zilikuwa zinatafuta watu wanaojua kusoma mita, kuandika ripoti na kuzungumza na mhandisi wa Kiingereza.

Watu hao walishuka uwanja wa ndege wakizungumza Kiswahili. Wengine Kiarabu chao kilikuwa cha Kurani tu, na waliteseka kwa hilo. Waliitwa Wazinjibari, na neno hilo halikusemwa kwa upole kila mara. Lakini walijua kazi. Katika ofisi na karakana nyingi za miaka ile ya 1970 maelekezo yalitoka kwa Kiingereza, yakafafanuliwa kwa Kiswahili, na mwishowe yakafika kwa Kiarabu. Ukisikiliza mafundi wazee wa Ibra, Mudhaibi au Samad utasikia bado spana, bisibisi na randa zikitajwa kwa Kiswahili katikati ya sentensi ya Kiarabu. Sijaona kitabu cha historia ya elimu ya Omani kinachoupa ukurasa huu heshima yake. Kizazi cha kwanza cha mafundi wa kisasa wa nchi hii hakikutoka chuo chochote cha Omani. Kilisomeshwa na pwani ya Afrika, kikafika kimekamilika, na serikali ikakitumia bila ya kulipia hata siku moja ya mafunzo yake. Kwa sababu pengo lilizibwa haraka namna ile, watu hawakuhisi mapema kwamba nyuma ya hawa hapakuwa na wengine wa kuwarithi.

Kuwatayarisha warithi kulianza taratibu. Vituo vya kwanza vya mafunzo ya ufundi vilifunguliwa katika muongo ule ule wa 1970. Mwaka 1984 kikaanzishwa Maskati Chuo cha Ufundi na Viwanda cha Omani. Miaka miwili baadaye kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, na hapo ndipo mizani ilipolala. Baba aliyekuwa mkulima wa mitende sasa aliweza kuota mtoto daktari. Mtoto asiyefaulu kwenda chuo kikuu alipelekwa ufundi, na hivyo ufundi ukajulikana kuwa ni mahali pa waliobaki. Shangazi yangu wa Ibra, Mungu amrehemu, alinieleza kwa maneno machache nilipomuuliza kwa nini mwanawe alikataa kozi ya makanika: “Baba, mtoto wa watu hasomi miaka kumi na miwili kisha akalale chini ya gari.” Shangazi huyo alikuwa mjukuu wa fundi wa vyombo.

Simlaumu. Alichokiona kilikuwa kweli. Kazi ya serikali iliisha saa nane na nusu mchana, ilikuwa na kiinua mgongo, na ilikuwa na heshima. Kazi ya mkono ilikuwa mikononi mwa wageni kutoka India, Pakistan na Bangladesh waliolipwa mshahara ambao kijana wa Ibra asingeweza kujengea nyumba wala kutolea mahari. Mkandarasi alikuwa na chaguo: fundi mgeni mwenye uzoefu wa miaka kumi kwa mshahara mdogo, au mwenyeji aliyetoka chuoni jana kwa mshahara mkubwa zaidi. Alichagua kama mfanyabiashara yeyote angechagua. Mafunzo yakiboreshwa mara kumi bila ya kuigusa hesabu hiyo, kijana atachukua cheti chake cha uchomeleaji na kwenda nacho kuomba uaskari.

Serikali iliiona hesabu hiyo. Kuanzia 1988 ilisukuma sera ya kuwaweka Waomani katika kazi, wenyewe huiita taamini, na mwaka 1994 uamuzi wa waziri nambari 127 ukaweka viwango kwa kila sekta: asilimia 60 katika usafiri na mawasiliano, 45 katika fedha na bima, 35 viwandani, 30 mahotelini, 20 katika biashara ya jumla na rejareja, na 15 tu katika ukandarasi. Soma mpangilio huo kutoka juu hadi chini. Kadiri kazi inavyokaribia matofali, nondo na waya, ndivyo taifa lilivyodai kidogo. Uashi, useremala na ufungaji mabomba, yale yale yaliyoujenga mji mkongwe wa Ibra kwa mikono ya wenyeji na kuifanya mitaa ya Munisifa na Qanatir isimame hadi leo, yalipewa daraja la mwisho.

Katika miaka hiyo ya 1990 vyuo vya ufundi vilishuka mikoani, cha Nizwa kikiwa miongoni mwa vya mwanzo, na Ibra ikapata chake baadaye. Hili lilikuwa jambo kubwa na sitaki lipite kwa haraka. Mtoto wa Bidiya au wa Jaalan hakuhitaji tena kupanga chumba Maskati. Wasichana, ambao wazazi wao wasingewaruhusu kulala mbali, walianza kuingia kwa wingi, wakasoma elektroniki, kompyuta na kemia. Mwaka 2001 kile chuo cha 1984 kikapandishwa hadhi kuwa Chuo cha Juu cha Teknolojia, na vya mikoani vikaitwa vyuo vya teknolojia, na ngazi zikapangwa: cheti, diploma, diploma ya juu, na kwa anayefika, shahada. Mwanafunzi alitakiwa pia kukaa kiwandani kwa muda kabla ya kumaliza. Huo ndio uanagenzi wa zamani umerudi kwa mlango mwingine, ingawa kwa wiki badala ya miaka.

Kikwazo kilikuwa mlangoni penyewe. Skuli za Omani hufundisha kwa Kiarabu, na vyuo hivi vilifundisha kwa Kiingereza. Kijana wa Ibra aliyefahamu umeme tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa akimtengenezea baba yake pampu ya kisima, aliwekwa mwaka mzima wa msingi akihangaika na vitenzi vya Kiingereza kabla hajagusa waya. Walimu wake walitoka India, Ufilipino na kwingine. Wengi walikuwa wema na wajuzi, na hawakuwa na lugha ya kukutana naye. Nakumbuka wale Wazinjibari wa 1970. Wao waliikuta lugha ya mtambo wakiwa wadogo, na mwalimu akaifafanua kwa lugha ya mama zao. Huko Dakhiliya na Sharqiya lugha ya kati ilikatika. Nimekaa na kijana aliyekuwa akiacha chuo mwaka wa pili, akaniambia, “Ami, mashine naijua. Siijui karatasi ya mashine.” Maneno yake yameniganda.

Palipokuwa na kiwanda cha kweli jirani, mambo yalikwenda vizuri zaidi, na hapa Sur inarudi katika hadithi. Aprili 2000 meli ya kwanza ya gesi asilia iliyogeuzwa kuwa kimiminika iliondoka Qalhat, kando ya mji, kutoka kiwanda cha kampuni ya Oman LNG iliyoundwa mwaka 1994. Mitambo miwili ya mwanzo ikafuatwa na wa tatu, na mwaka 2005 kiwanda kikubwa cha mbolea cha ubia wa Omani na India. Gesi hupozwa hadi nyuzi 160 hivi chini ya sifuri. Vali ikikosewa hakuna wa kusahihisha kesho. Kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kumpokea mtu kwa sababu tu ana cheti, na hakiwezi kuendeshwa miaka thelathini kwa wageni wa mkataba. Kilipaswa kufundisha. Vijana wa Sur walisimama nyuma ya waendesha mitambo wenye uzoefu, zamu kwa zamu, wakatazama mikono yao, wakaachiwa kidogo kidogo. Fundi mzee wa vyombo angeuelewa utaratibu huo bila ya kufasiriwa.

Pahali pengine mambo hayakuwa hivyo. Februari 2011 vijana wa Sohar walimiminika barabarani wakidai kazi, na serikali ikaahidi nafasi elfu hamsini. Nyingi ya kazi zilizotafutwa zilikuwa za serikali na vikosi vya ulinzi. Miaka zaidi ya ishirini ya vyuo vya ufundi ilikuwa imetoa watu wenye diploma, na watu wenye diploma walitaka meza.

Agosti 2020, chini ya Sultan Haitham, aliyemrithi Qaboos, amri nambari 76 iliviunganisha vyuo vya teknolojia na vyuo vya sayansi tumizi kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi. Nizwa, Ibra na Sur zote ni matawi yake. Wazazi walifurahi, nami nawaelewa, maana neno chuo kikuu lina uzito harusini. Lakini nilipoisoma habari ile nilikumbuka Mombasa. Taasisi ile ya mwaka 1951, iliyoanzishwa kwa ajili ya mafundi na mabaharia, iligeuka Politekniki ya Mombasa mwaka 1972, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Makerere ilianza mwaka 1922 na wanafunzi kumi na nne wakisoma useremala, ujenzi na makanika. Nani leo anaikumbuka Makerere kwa useremala? Dar es Salaam nayo, taasisi ya ufundi ya mwaka 1957 ikapanda kuwa chuo cha ufundi kisha taasisi ya teknolojia mwaka 1997. Kila chuo cha mkono katika upande wetu huu wa dunia hupanda ngazi, na kila kinapopanda huiacha karakana chini na kuhitaji kingine kijengwe mahali pake. Tanzania ilifanya hivyo kwa VETA, mamlaka yake ya ufundi stadi, mwaka 1994. Omani inavyo vyuo vyake vya ufundi stadi, Sur ikiwa na kimoja, na hivyo ndivyo ningependa vipate bajeti, walimu bora na heshima, wala visigeuzwe jina hata siku moja.

Na ningependa vifundishe kazi za mahali vilipo. Zaidi ya falaji elfu tatu bado zina maji Omani, nazo huziba, hubomoka na hukauka. Kuzikarabati ni kazi ya kulipwa, inayotaka upimaji, saruji, hesabu ya mwinamo na moyo wa kushuka shimoni. Awamir wa Izki wako umbali wa mwendo mfupi wa gari kutoka tawi la Nizwa. Sijaona kwa nini mchimbaji mmoja mzee asilipwe mshahara wa mhadhiri. Mwaka 2003 iliundwa mamlaka ya kazi za mikono, ikaweka vituo vya kufundishia, pamoja na cha wafinyanzi wa Bahla, na watu wakajifunza kweli. Mwaka 2020 ikamezwa na mamlaka ya biashara ndogo na za kati. Katika makabidhiano ya namna hiyo vifaa huhesabiwa kwa urahisi. Wanagenzi hawahesabiki.

Sur kuna ganja moja kubwa, Fatah al-Khair, iliyoundwa pale pale mjini katikati ya karne ya 20, ikauzwa Yemen, na watu wa Sur wakachangishana kuinunua na kuirudisha mwaka 1993. Imesimama kwenye jumba la makumbusho karibu na maji, imepakwa na kutunzwa. Hatua chache kutoka hapo kuna banda ambalo bado linaunda majahazi. Mafundi wengi walioshika tezo ni watu wa Kerala, na mwenye banda ni mtu wa Sur.

Mwaka 2008 Omani iliamua kuunda tena meli ya kushonwa, safari hii ikiiga meli ya karne ya 9 iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung, ili iwe zawadi kwa Singapore. Ikaitwa Jewel of Muscat. Iliundwa Qantab, karibu na Maskati, ikaondoka Februari 2010 na kufika Singapore Julai. Tangu Sohar kushonwa Sur ilikuwa imepita miaka ishirini na minane, muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kukua na kuwa fundi kamili mwenye wanagenzi wake. Mafundi wa kamba waliitwa kutoka India.